Kompyuta Inayoamka Saa Saba Usiku

Ukizima kompyuta ya mezani jioni, feni ikanyamaza na taa ya mbele ikazimika, utadhani kila kitu ndani yake kimelala. Kuna kitu hakijalala. Kwenye mazabodi, jirani na ile betri bapa ya mviringo ambayo mafundi huiita betri ya CMOS, kuna fuwele ya kwatzi iliyofungiwa ndani ya kifuko cha bati chenye urefu wa milimita 6 hivi. Fuwele hiyo hutikisika mara 32,768 kila sekunde, usiku na mchana, kompyuta iwe imewaka au imezimwa. Namba yenyewe haikuokotwa tu. Igawe kwa mbili, jibu uligawe tena kwa mbili, uendelee hivyo mara 15, utabaki na moja: pigo moja kwa sekunde moja. Kuanzia hapo sakiti inahesabu dakika, saa, siku, mwezi na mwaka, na betri ya volti 3 inatosha kuilisha kwa miaka kadhaa.

Saa hiyo ina kengele, na kengele hiyo inaweza kuiwasha kompyuta nzima bila mkono wa mtu. Wengi waliosomea kompyuta hapa kwetu hawaijui, au waliiona siku moja kwenye bayosi wakaipita. Mimi niliifikia kwa sababu ya bei ya bando.

Nilikuwa fundi wa chumba cha kompyuta katika sekondari moja mjini Tanga. Tulikuwa na modemu moja na laini moja kwa chumba kizima. Mchana intaneti ilikuwa ghali kiasi kwamba masasisho ya kompyuta chache tu yangemaliza bando lote, na mwalimu wa Jiografia aliyetaka ramani angeambiwa asubiri. Lakini kampuni za simu huuza pia bando la usiku, GB nyingi kwa pesa kidogo, kwa sharti kwamba ulitumie wakati wenzako wamelala. Kila mwanafunzi wa chuo analijua hilo na macho mekundu ya asubuhi yanamshuhudia. Kwa bando la usiku tungeweza kushusha karibu kila tulichohitaji: masasisho ya Ubuntu, video za masomo ya Fizikia, hata Wikipedia ya Kiswahili nzima iliyofungashwa isomwe bila mtandao kwa programu ya Kiwix.

Kuiacha kompyuta iwake usiku kucha kusingewezekana. Bili ya umeme ilikuwa sababu mojawapo. Joto lilikuwa nyingine, maana chumba kilichofungwa madirisha Tanga mwezi wa Februari kina hewa nzito hata usiku wa manane. Na mkuu wa shule alikuwa na sheria isiyo na mjadala: jengo likifungwa, hakuna kitu kinachoachwa kikiwaka. Kwa nchi ambayo tumezika watoto kwa sababu ya moto wa mabwenini, niliiona ni sheria ya busara, na hadi leo naiona hivyo.

Sasa katika chumba hicho nilikuta kompyuta moja ambayo walimu walikuwa wamekwisha kuizoea tabia yake. Ilijiwasha yenyewe kila siku saa 10 alfajiri. Wapo waliosema imeharibika, wapo walionong'ona habari za majini. Niliingia kwenye bayosi nikakuta maelezo yote yameandikwa pale: kengele imewashwa, kila siku, 01:00:00. Yaani saa 7 usiku. Aliyenitangulia alikuwa amewaza jambo lile lile la bando, akaipanga vizuri kabisa, kisha akahamishwa. Mbona basi iliamka saa 10?

Jibu lake ndilo somo la kwanza la kazi hii. Ile saa ya kwenye mazabodi haijui iko Tanga au Toronto. Inahesabu tu. Windows kwa kawaida huiandikia saa za mahali ilipo. Linux kwa kawaida huiandikia saa za Greenwich, zile zinazoitwa UTC. Kengele ilipopangwa, kompyuta ile ilikuwa na Windows. Baadaye mtu akaiwekea Ubuntu, nayo ikairekebisha saa ya ndani kimya kimya, ikairudisha nyuma saa 3, maana Afrika Mashariki imeitangulia Greenwich kwa saa 3. Kengele ya kwenye bayosi haikuguswa. Saa ya ndani ilipofika 01:00, mitaa ya Ngamiani mjini Tanga ilikuwa tayari 04:00, na waumini walikuwa wanajiandaa kwa sala ya alfajiri. Kompyuta haikuwa imeharibika. Ilitii amri iliyoandikwa kwa saa ambazo hakuna mtu tena aliyekuwa akizitumia.

Niliwachorea wanafunzi wa kidato cha tatu jambo hilo ubaoni, safu tatu. Chipu inasema 22:00. Skrini inasema 01:00. Mama nyumbani anasema saa 7 usiku. Wote watatu wanazungumzia dakika ile ile. Nilitarajia mvutano, kumbe waliielewa upesi kuliko watu wazima wengi niliowahi kuwafundisha. Nadhani ni kwa sababu mtoto anayekulia kwenye Kiswahili ameanza kazi hii mapema: mshale uko kwenye moja, mdomo unasema saba, na hakuna anayechanganyikiwa. Akiambiwa kuna hesabu ya tatu, anaiongeza tu juu ya mbili alizokuwa nazo. Tabu yao ilikuwa kwenye tarehe. Kwa bibi zao wa Pwani siku inageuka jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Kwa kompyuta siku inageuka saa 6 usiku kamili. Tukakubaliana kwamba katika chumba kile kila amri ya usiku isemwe kwa namna isiyo na njia mbili: usiku wa kuamkia Jumamosi, basi.

Kengele hii ina umri wake. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, haikuwa na saa inayoendelea ikizimwa. Kila ulipoiwasha ilikuuliza tarehe na saa, ukaandika mwenyewe. Mwaka 1984 ikaja IBM PC AT ikiwa na chipu ya Motorola iliyoitwa MC146818. Chipu hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 64 tu. Baiti 14 za mwanzo zilikuwa za saa na usimamizi wake, na 50 zilizobaki IBM wakazitumia kuhifadhi mipangilio ya kompyuta, ndiyo maana betri ya saa na mipangilio ya bayosi hufa pamoja hadi leo katika mashine nyingi za zamani. Sekunde za kengele zilikaa kwenye nafasi ya 1, dakika zake nafasi ya 3, saa zake nafasi ya 5. Tarehe ya kengele haikuwamo. Ukiiwekea saa 7 usiku, ni saa 7 ya usiku wowote unaofuata. Nafasi za siku na mwezi wa kengele zilikuja baadaye, na si kila mtengenezaji wa mazabodi aliziweka, kwa hiyo hata sasa unaweza kukutana na mashine inayokubali kengele ya ndani ya saa 24 zijazo tu na kukataa ya wiki ijayo. Chipu yenyewe siku hizi haionekani. Imemezwa ndani ya chipu kubwa. Ramani yake ndiyo iliyobaki, na mtu aliyeisoma mwaka 1984 angeitambua leo.

Kwenye bayosi kengele ni ya saa ile ile kila siku, na huko ndiko wengi huishia. Sisi tulitaka zaidi, kwa kuwa wikiendi kulikuwa na bando refu na siku za mitihani hatukutaka kitu chochote kijiwashe. Linux huifungua kengele kupitia faili dogo, /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm. Faili hilo linapokea namba moja tu: idadi ya sekunde tangu kuanza kwa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Namba 1577836800, kwa mfano, ni mwanzo wa mwaka 2020 huko Greenwich, wakati Tanga ilikuwa tayari saa 9 usiku. Kabla ya kuandika namba mpya unaandika 0 kwanza ili kufuta ya zamani; usipoifuta, mpya inakataliwa. Ukitaka kuhakikisha, soma /proc/driver/rtc. Humo utaona saa ya kengele, tarehe yake, na mstari wa alarm_IRQ. Mstari huo ukisema yes, kengele imetegwa.

Kwa kazi ya kila siku ni afadhali kutumia programu ya rtcwake, ambayo inajua yenyewe kama saa ya ndani ni ya Greenwich au ya mahali ulipo. Mstari wetu ulikuwa huu:

rtcwake -m no -t $(date +%s -d 'tomorrow 01:00')

Sehemu ya ndani inauliza: saa 7 ya usiku unaofuata ni sekunde ya ngapi? Sehemu ya nje inaitega kengele kwa sekunde hiyo bila kuizima kompyuta, maana kuizima ni kazi ya mwisho na ina mstari wake. Kabla ya kuamini kengele ya usiku, niliijaribu kwanza kwa ile ya dakika 5 nikiwa nimesimama pale pale. Kompyuta ilizimika. Tulikaa kimya, mimi na wanafunzi wawili waliobaki baada ya kipindi. Kisha ukasikika mlio mdogo ndani ya pawasaplai, feni ikaanza kuzunguka, na mmoja wao akapiga makofi. Furaha ile ninaielewa. Ni jambo kubwa kuona mashine inatimiza ahadi bila wewe kuishika mkono.

Hapa nafika kwenye jambo ninalotaka kila fundi kijana alishike. Kengele hii hulia mara moja. Ikishalia imekwisha, na kesho haipo mpaka mtu aiandike. Mafundi wengi huandika skripti yao kwa mpangilio unaoonekana wa kawaida: amka, shusha mafaili, panga mafaili, weka kengele ya kesho, zima. Unaonekana wa kawaida kwa sababu ndivyo siku ya mtu inavyokwenda, kengele ya kesho unaiweka unapoingia kitandani. Lakini usiku una mambo yake. Modemu inaganda. Diski inajaa. Umeme unakatika saa 8 na robo. Skripti ikikwama katikati, kompyuta haifiki kwenye mstari wa kengele, na kuanzia hapo hailii tena hadi mtu aje abonyeze kitufe. Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa skripti yetu, kabla ya kuigusa modemu, ulikuwa wa kutega kengele ya usiku unaofuata. Kazi ya usiku mmoja ikipotea, imepotea kazi ya usiku mmoja. Kengele ikipotea, zimepotea kazi zote zinazofuata.

Mpangilio huo nimeuhamishia mbali na kompyuta. Katika chama chetu cha kuweka na kukopa, tarehe ya kikao kijacho tunaipanga kabla ya ajenda ya kwanza, watu wakiwa bado na utulivu. Kikao kikivurugika kwa mkopo wa mtu, na huvurugika, bado kila mmoja anaondoka akijua tunakutana lini.

Ufundi wenyewe ulikwisha mapema. Kilichochukua muda ni swichi ya ukutani.

Soketi zetu zina swichi, na mlinzi wa usiku alikuwa na zamu ya kupita kila chumba jioni akizima swichi zote kwa agizo la mkuu. Ukizima swichi ya ukutani, kengele inaweza kulia ndani ya chipu lakini hakuna wa kuitikia. Ile betri ya CMOS inalisha saa tu. Haina nguvu ya kuamsha kitu. Nguvu ya kuamsha inatoka kwenye pawasaplai, ambayo hata kompyuta ikiwa imezimwa huendelea kutoa volti 5 kupitia waya wa zambarau, mradi iko kwenye umeme. Kwa volti hizo mazabodi husikia kengele, kisha huzivuta chini volti za waya wa kijani, na pawasaplai nzima inaamka. Fundi yeyote aliyewahi kugusanisha waya wa kijani na mweusi ili kupima pawasaplai amefanya kwa mkono kazi hiyo hiyo inayofanywa na kengele.

Nilimfuata mzee jioni moja kabla hajaanza mzunguko wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Vipi, unafunga?"

"Nafunga. Ila nina ombi kuhusu swichi za humu."

"Swichi nazima mimi. Mkuu kasema zote, na mimi nazima zote."

"Na unafanya sawa. Naomba moja tu ibaki. Ile ya pembeni."

"Ibaki ya nini? Kompyuta si umeizima?"

Nikamweleza kwamba ndani mna saa, na kwamba saa 7 usiku itaiamsha ifanye kazi, kisha ijizime yenyewe kabla hakujakucha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake ndogo ya Nokia, ile yenye tochi.

"Kama hii," akasema. "Naizima chaji isiishe. Alfajiri inaniamsha ikiwa imezimwa vile vile."

"Ndivyo hivyo, mzee."

"Lakini nikiitoa betri, haiamshi."

"Haiamshi."

"Basi swichi ya ukutani ndiyo betri ya hiyo ya kwako. Ningejua nisingeizima. Lakini usinipe mimi maneno ya mdomo. Nenda kwa mkuu, aandike. Na hapo kwenye swichi weka karatasi, maana mwenzangu wa Jumapili hakusikia haya."

Sijawahi kupata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo kutoka kwa mtu yeyote, pamoja na waliovaa majoho. Simu zile ndogo zilikuwa na kitu kile kile hasa: saa inayoendelea simu ikiwa imezimwa, na kengele yenye uwezo wa kuiamsha. Maelfu ya watu walikuwa wakiishi na ufundi huu mfukoni, wakiutumia kwa sala, kwa safari za mabasi ya alfajiri na kwa kwenda kuvua.

Mkuu wa shule aliuliza maswali ya mtu anayejali: itawaka muda gani, itazimwaje ikikataa kuzimika, nani ataiona ikitoa moshi. Alikubali kwa masharti. Soketi moja tu, mbali na mapazia. Kizima moto ndani ya chumba. Na mlinzi awe anapita dirishani saa 7. Kwenye swichi tukabandika karatasi kwa herufi kubwa: SWICHI HII ISIZIMWE. KOMPYUTA HUAMKA SAA 7 USIKU. IKIWAKA SAA NYINGINE, PIGIA FUNDI.

Sharti la mwisho, ambalo mwanzoni nililichukulia kama la kumtuliza mkuu tu, ndilo lililotusaidia kuliko yote. Mzee alikuwa na daftari la zamu, akaanza kuandika humo: kompyuta imeamka. Au: kompyuta haijaamka. Na kwa kuwa aliandika pia kila kitu kingine cha usiku, mvua, mbwa, gari lililosimama getini, nilipofungua kurasa zile niliona kwamba usiku ambao kompyuta haikuamka ndio ule ule alioandika "umeme hakuna saa 6 hadi saa 9." Kengele yetu ililia gizani, ikapita. Rekodi za kompyuta zisingeweza kunionyesha hilo, maana kompyuta iliyokosa umeme haina rekodi ya kukosa umeme.

Dawa yake iko ndani ya bayosi. Kuna mpangilio unaoiambia mashine ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Tuliiweka iwake. Skripti nayo tukaiongezea akili kidogo. Ikishatega kengele ya kesho, inaangalia saa: kama ni ndani ya muda wa bando, inaanza kazi hata kama imechelewa, kama ni usiku lakini bando limekwisha, inajizima, kama ni mchana, inabaki ikingoja wanafunzi. Tangu hapo kukatika kwa umeme kulitupotezea saa chache badala ya usiku mzima.

Niseme kuhusu betri, maana hili linaniuma. Shule zetu nyingi hupokea kompyuta zilizotumika, zinapokelewa kwa hotuba na picha, na karibu kila shehena niliyowahi kuifungua ilikuwa na mashine zenye betri za CMOS zilizokufa. Kompyuta yenye betri iliyokufa ikikosa umeme, husahau mwaka. Huamka ikiamini ni tarehe ya kiwandani. Mwanafunzi akifungua kivinjari anaambiwa tovuti si salama, kwa sababu hati ya usalama ya tovuti hiyo kwa hesabu ya kompyuta haijaanza kutumika. Anadhani intaneti imeharibika. Mwalimu anadhani kuna virusi. Kompyuta inasukumwa pembeni, na miaka michache baadaye iko stoo na vumbi juu yake. Dawa ni betri ya CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake tu: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Mafundi saa wa sokoni wanazo, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kumleta fundi. Ukiipima kwa mita, nzima itakuonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Kamati ya shule inayopokea kompyuta inunue betri hizi siku hiyo hiyo, moja kwa kila mashine, kabla ya kununua hata vitambaa vya kuzifunika.

Na hata betri ikiwa nzima, saa hizi si kamilifu. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, yaani karibu sekunde 1.7 kwa siku, dakika nzima karibu kwa mwezi. Imetengenezwa iende sawa kwenye nyuzi 25. Joto likizidi hapo au likipungua, inachelewa. Kwa kuamka saa 7 usiku hilo si kitu, na mashine inayoingia mtandaoni kila usiku hujirekebisha. Kwa mashine isiyoona mtandao miezi mitatu, ni jambo la kukumbuka.

Mashine ya namna hiyo niliikuta Lushoto, baada ya kuondoka Tanga mjini. Shule iko juu milimani, umeme wake ni wa jua, na maktaba ya kidijitali wanaisoma kwa vishikwambi vinavyounganishwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyobeba vitabu na masomo. Raspberry Pi za awali, tangu ile ya mwaka 2012, hazikuwa na saa ya ndani kabisa. Zikizimwa zinasahau wakati, na haziwezi kujiamsha. Waliokuwa wakizihitaji zijue saa walizipachikia chipu ya pembeni kama DS3231, ambayo ni sahihi sana, sehemu 2 kwa milioni kwenye joto la kawaida, kwa kuwa hupima joto lake yenyewe na kujisahihisha. Pi 5 ya mwaka 2023 ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo mkuu kuja na saa yake na mahali pa kuchomeka betri. Betri inayopendekezwa hapo ni ya kuchajiwa. Atakayeweka CR2032 ya kawaida asiiwashe kabisa sehemu ya kuchaji, maana betri hiyo haikutengenezwa kuchajiwa.

Ya Lushoto ilikuwa hiyo yenye saa yake, ila shida yao ilikuwa kinyume cha ile ya Tanga. Hawakutaka iamke usiku. Walitaka isiamke bure. Miezi ya baridi ukungu wa Usambara hukaa hadi adhuhuri, betri za sola hazijai, na kila saa ambayo Pi inawaka bila msomaji ni saa inayoibwa kutoka kwenye taa za bweni. Tukaipangia iamke saa 2 asubuhi siku za masomo tu. Kalenda ya shule tukaiandika kwenye faili la kawaida, tarehe moja kila mstari, ili mwalimu wa maktaba aibadilishe mwenyewe bila kuniita. Likizo zikaingia. Nane Nane ikaingia, na 9 Desemba.

Mwalimu akafika kwenye Idd, akaweka kalamu chini.

"Hii utaiandikaje? Mwezi ukionekana ni kesho, usipoonekana ni keshokutwa. Na tutajua usiku, mashine imeshazimwa."

Hatukuiandika. Tuliiacha iamke siku zote mbili, na tukaongeza mstari mmoja kwenye skripti: ikishaamka itege kwanza kengele ya siku inayofuata, ingoje nusu saa, na kama hakuna kishikwambi hata kimoja kilichounganishwa, ijizime.